Katriji mpya, boksi jipya, na kosa lililokuwa kwenye kebo

"Mwanangu, nimeuziwa katriji mbovu."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Mzee huyu si mtu wa kulalamika. Ni mstaafu mwenye santuri nyingi kuliko muda wa kuzisikiliza, na mikono yake imetulia kuliko ya mafundi wengi ninaowajua. Alikuwa ameing'oa katriji yake ya siku zote (kile kidude kinachobeba sindano ya mashine ya santuri), Audio-Technica AT-VM95E, akafunga Denon DL-103, akaweka uzito wa sindano gramu 2.5 kama karatasi ilivyosema, akashusha mkono taratibu. Kilichotoka ni muziki wa mbali, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta. Akazungusha kitasa cha volyumu mpaka karibu mwisho. Muziki ukaja, lakini ukaja na "shiii" ambayo haikunyamaza hata kati ya wimbo mmoja na mwingine.

"Umeichomeka wapi, mzee?"

"Si palepale pa fono? Kwani kuna pengine?"

Kuna pengine zaidi ya fono, lile tundu la amplifaya la kuchomeka mashine ya santuri, na nusu ya kisa hiki imo humo. Nusu nyingine ilikuwa imejificha nyuma ya kabati, na mimi mwenyewe niliipita mara mbili bila kuiona.

Milivolti 0.3 kwenye mlango wa 4

Katriji ni jenereta iliyo ndogo kuliko kidole gumba. Sindano inatikiswa na kuta za mfuo wa santuri, na mtikisiko huo unazaa umeme kwa sababu sumaku na koili vinapishana. Swali ni nani anatembea na nani ametulia. Kwenye aina ya MM (sumaku inayotembea) sumaku ndiyo inayotikiswa pamoja na sindano, koili zimekaa kwenye mwili wa katriji, kwa hiyo kiwandani wanaweza kuzungusha waya mwingi bila kumlemea mtu. Kwenye MC (koili inayotembea) koili ndizo zinazopanda kwenye kijiti cha sindano. Zikiwa nzito, sindano itashindwa kuufuata mfuo, basi mizunguko ya waya inakuwa michache na umeme unakuwa haba.

Kwa namba, AT-VM95E hutoa milivolti 4 kwa toni ya kilohezi 1 iliyokatwa kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde. DL-103, ambayo Denon waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa matumizi ya shirika la utangazaji la NHK la Japani, hutoa 0.3. (Soma pia kasi iliyoandikwa pembeni ya namba. Wapo watengenezaji wanaopima kwa sentimita 3.54, na ukizilinganisha karatasi mbili bila kuliona hilo umelinganisha kilo na ratili.) Tofauti ya hizi mbili ni zaidi ya mara 13, yaani desibeli 22 na nusu.

Tundu la fono la amplifaya yake lilikuwa la MM tupu. Hukuza mara 100, ambayo ni desibeli 40. Milivolti 4 zikiingia, zinatoka volti 0.4, na amplifaya inashiba. Zikiingia 0.3, inatoka volti 0.03. Mzee alijaribu kuliziba pengo hilo kwa kitasa cha volyumu, na kitasa hakibagui: kinapandisha mwimbaji na kinapandisha kelele iliyozaliwa ndani ya steji, yaani saketi ya kukuzia iliyo nyuma ya tundu hilo.

Kelele hiyo nayo inahesabika. Koili ya DL-103 ina ukinzani wa omu 40, na kitu chochote chenye ukinzani hutoa kelele kwa sababu tu kina joto. Kwa upana wa kilohezi 20, omu 40 katika joto la chumba ni kama mikrovolti 0.115. Kiasi hicho kiko desibeli 68 chini ya ishara yenyewe, na huna la kukifanya isipokuwa uigandishe katriji. Lakini chipu ya NE5532, ambayo utaikuta ndani ya steji nyingi za fono za MM, inaleta mikrovolti 0.7 za kwake. Nafasi kati ya muziki na kelele inashuka hadi desibeli 52 hivi. Kwa katriji ya milivolti 4, mikrovolti 0.7 si kitu. Ziko desibeli 75 chini ya ishara. Chipu ni ileile. Aliyebadilika ni mgeni aliyebisha hodi.

"Mzee, katriji ni nzima," nikamwambia. "Umeipeleka tu kwa mtu mgumu wa kusikia."

Akacheka, akakata simu, na kwa bahati mbaya hakunisubiri.

Mara elfu kumi

Alipopiga tena alikuwa na vitu viwili vipya. Cha kwanza ni steji ya fono ya kujitegemea, boksi dogo lenye swichi ya MM na MC kwa mbele na vijiswichi vya mzigo (ukinzani ambao katriji inakutana nao mlangoni pa boksi) chini ya tumbo. Cha pili ni transfoma ya kupandishia ya 1:10, ambayo aliyemuuzia boksi alimwongezea akimwambia vyote viwili vikikaa pamoja DL-103 itaamka. Haikuamka. Sauti ilipanda kidogo tu, na sasa chini ya kila kitu kulikuwa na mvumo mzito usiokatika.

Nikaenda. Mashine ya santuri ilikuwa juu ya kabati lililofungwa ukutani, amplifaya upande wa pili wa chumba. Juu ya amplifaya kulikuwa na boksi, na juu ya boksi transfoma, vimepangwa kama masufuria yanayosubiri kukauka. Nikainama kusoma swichi: MC. Nikaligeuza boksi: mzigo omu 100.

Ukikitazama kila kimoja peke yake, hakina kosa. Transfoma ya 1:10 inaifaa DL-103. Tundu la MC la desibeli 60 na omu 100 linaifaa DL-103 vilevile. Ndiyo maana swali lake lilikuwa la haki kabisa:

"Transfoma inazidisha mara kumi. Boksi linazidisha mara elfu. Hiyo ni mara elfu kumi, mwanangu. Sauti imekwenda wapi?"

Nikatafuta bahasha, nikamwandikia nyuma yake. Transfoma haigawi chochote bure. Volti zikizidishwa kwa 10, mkondo unagawanywa kwa 10, kwa hiyo mzigo uliofungwa upande wa pili unaonekana na katriji ukiwa umegawanywa kwa kumi mara kumi. Omu 100 za boksi, kwa macho ya katriji, zilikuwa omu 1. Na katriji yenyewe ina omu 40 tumboni. Umeme unapogawanywa kati ya 40 za ndani na 1 ya nje, ya nje inapata sehemu moja kati ya 41.

Basi fuata njia. Milivolti 0.3 zinabaki mikrovolti 7 na kitu. Transfoma inazifanya 73. Boksi linazidisha mara elfu, zinatoka milivolti 73. Siku ile ya kwanza, kwenye tundu la MM la amplifaya, alikuwa anapata 30. Vifaa viwili vipya, kebo mbili zaidi, na faida yake ni mara mbili na nusu. Nyaya za transfoma zina ukinzani wao ambao bahasha yangu iliupuuza, lakini hauokoi hali.

Halafu kuna jambo ambalo namba hizo hazionyeshi. Koili inayolazimishwa kusukuma mkondo ndani ya omu 1 inajipiga breki yenyewe, kwa sababu mkondo ule unazaa nguvu ya kupinga mwendo ulioutengeneza. Ngoma zilikuwa zinagonga bila kuacha mwangwi, na besi ilikuwa imekauka. Mzee aliieleza vizuri kuliko mimi: "Kama mtu anayeimba amefungwa mkanda kifuani."

Dawa ilichukua sekunde moja. Nikasogeza swichi ya boksi kutoka MC kwenda MM. Sasa transfoma inakutana na omu 47,000 za upande wa MM, na katriji inaona 470. Katika mgawanyo wa 40 na 470, asilimia 92 inavuka. Milivolti 0.3 zinafika mlangoni pa boksi zikiwa 2.76, na mara 100 zinatoka volti 0.276. Nilikuwa na santuri ya majaribio yenye toni ya kilohezi 1. Tukashusha sindano, nikaweka mita kwenye tundu la kutokea: 0.26 kushoto, 0.27 kulia. Mzee akatazama mita, akatazama bahasha, akatazama mita tena.

"Kumbe ni hesabu tu."

Ni hesabu, na hapo akanoga. Akataka kujua kama transfoma ya 1:20 isingekuwa bora zaidi. Nikampa kalamu afanye mwenyewe. Omu 47,000 ukigawanya kwa 400 unapata 117 na nusu. Katika mgawanyo na zile 40, robo tatu tu inavuka, kwa hiyo milivolti 6 alizozitegemea zinakuwa 4.5. Akaendelea bila kuambiwa hadi 1:30: mzigo omu 52, kinachofika ni milivolti 5.1 badala ya 9. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyopoteza, na breki kwenye koili inaongezeka kila hatua. Wapo wanaoupenda mlio wa breki hiyo, na sina ugomvi nao. Mimi, nikitumia transfoma, kwa katriji ya omu 40 hubaki kwenye mzigo wa mara kumi ya ukinzani wake au zaidi, na 470 inaangukia hapo vizuri.

Kuna jambo moja silifanyi, na mzee nusura alifanye nikiwa nimegeuka: kuweka mita ya omu kwenye pini za katriji ya MC ili kuthibitisha ni omu 40 kweli. Mita inapitisha mkondo wake kwenye waya mwembamba kuliko unywele uliozungukwa na sumaku. Karatasi ya mtengenezaji inatosha.

Transfoma mkononi

Ule mvumo ulibaki, na sasa ulisikika vizuri zaidi kwa kuwa kila kitu kilisikika vizuri zaidi. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kisha steji ya fono hugeuza mambo. Ndiyo kanuni ya RIAA, ambayo imetumika tangu 1954. Maana yake ni kwamba chochote kinachoingia kwenye steji kikiwa na hezi 50 kinapandishwa karibu desibeli 17 juu ya kilohezi 1. Umeme wa ukutani ni hezi 50 au 60. Kwa hiyo steji ya fono ni mashine iliyoundwa, bila kukusudia, kuutafuta mvumo wa umeme na kuutangaza.

Na transfoma ya kupandishia ni nini ila koili inayongoja uga wa sumaku? Ilikuwa imekalia amplifaya, ambayo ndani yake kuna transfoma ya umeme yenye uzito wa tofali.

Tukainua mkono wa mashine, tukapandisha volyumu hadi mvumo ukajaa chumba, nikampa transfoma aishike. "Ondoka nayo polepole, mzee, uelekee ukutani." Kila hatua mvumo ulishuka. Kebo ilipoisha akasimama. "Sasa izungushe mkononi, kama unafungua kufuli." Akaizungusha. Mvumo ukapanda, ukashuka, ukapanda, na katika pembe moja ukapotea kabisa. "Hapo! Hapo!" akapiga kelele, akabaki ameganda mkono hewani kama mtu aliyeshika nyuki. Mhimili wa koili ukilala sambamba na mistari ya uga, koili inaikamata; ukikaa kukingama nayo, inaiacha ipite. Hakuna kifaa cha kupimia hilo kinachoshinda sikio na subira.

Kulikuwa pia na waya wa ardhi uliofungwa sehemu mbili. Nikatoa mmoja. Uliokuwa umebaki wa mvumo ukaisha.

Herufi s

Kazi ilikuwa imekwisha na ningeweza kuaga. Nikauliza kwa mazungumzo tu: "Ile katriji ya kwanza ilikukosea nini?"

"Herufi s, mwanangu. Mwimbaji akitamka s ni kama ananipulizia filimbi sikioni. Nikaambiwa hiyo ni katriji ya kuanzia, ndivyo zilivyo, ninunue MC."

Hapo nikakaa tena. AT-VM95E ina sindano ya duaradufu na, ikifungwa vizuri, haijulikani kwa kupiga filimbi. Mzee akaitoa kwenye kikopo cha skrubu, ikiwa bado na kichwa chake, kile kipande cha mbele ya mkono kinachoshika katriji. Tukairudisha kwenye mkono, gramu 2, tukaichomeka kwenye amplifaya kama ilivyokuwa zamani, tukaweka santuri ya mwanamke mmoja mwenye sauti laini. Kweli. Kila s ilikuwa wembe.

Saa nzima iliyofuata niliipoteza kwa uzoefu wangu mwenyewe. Nikaangalia sindano kwa lenzi: safi, haijalika. Nikapima mkao wa katriji kwa karatasi ya pembe: umbali sawa, pembe sawa. Nikapunguza uzito, nikaongeza uzito. Wembe ukabaki wembe. Ningekuwa nimetulia ningelisikia jambo lililo wazi: s ilichoma kwa kiasi kilekile wimbo wa kwanza na wimbo wa mwisho. Kosa la mkao au sindano iliyolika huzidi kadiri unavyokaribia katikati ya santuri, maana huko mfuo unapita polepole chini ya sindano na mawimbi yamebanana. Ukali usiobadilika kutoka ukingoni hadi kwenye lebo hautoki kwenye mfuo. Unatoka kwenye umeme.

Nikauliza kwa nini mashine iko mbali hivyo na amplifaya. Kumbe zamani vilikaa pamoja, lakini watu wakipita sindano ilikuwa inaruka, akaihamishia ukutani. Na kebo? Akaniongoza nyuma ya kabati. Kebo ya mashine ilikuwa imeungwa na nyingine ndefu, kiungo kimefungwa utepe kwa unadhifu wa hali ya juu.

"S zilianza lini, mzee?"

Akafikiri kidogo. "Baada ya kuhama."

Koili za MM, kwa wingi wa waya wake, zina indaktansi kubwa, yaani ukaidi wa koili dhidi ya mkondo unaobadilika. Za AT-VM95E ni milihenri 550. Kebo nayo ni kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji: waya katikati, ngao pembeni. Koili na kapasita vikikutana vinakuwa bembea. Kuna kasi moja ya mtikisiko ambayo vinaipenda, vinaipandisha, na baada ya hapo sauti inaporomoka. Kasi hiyo ni 1 gawanya kwa 2π mara kipeuo cha pili cha indaktansi zidisha kapasitansi. Kapasitansi ikikua, bembea inashuka kutoka juu ya masikio kuja katikati yake. Ndiyo maana karatasi ya katriji hii inaomba jumla ya pikofaradi (kipimo cha kapasitansi) 100 hadi 200, mstari ambao karibu kila mtu anauruka akienda kusoma milivolti.

Tukapima. Mara ya kwanza mita ilinipa namba ya ajabu, kwa sababu nilisahau kutoa kichwa na koili zilikuwa bado zimeungwa. Nikakitoa, nikapima upya kati ya pini ya kati na ngao: waya za mkono pamoja na kebo ya mashine, pikofaradi 130. Kebo ya kuongezea, 170. Iliyobaki ilikuwa amplifaya yenyewe. Nikaichomoa ukutani, nikafungua kifuniko, na pembeni ya soketi ya fono kulikuwa na kapasita ndogo yenye alama 221. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya sifuri: 22 na sifuri moja, yaani 220.

130 na 170 na 220 ni 520.

Kwa milihenri 550 na mzigo wa omu 47,000, pikofaradi 520 zinatengeneza mwinuko wa desibeli 3 na nusu hivi karibu na kilohezi 8, kisha mteremko mkali. Nguvu ya s katika sauti ya mtu iko kati ya kilohezi 5 na 10. Aliyekuwa anapuliza filimbi alikuwa ni kebo. Na kwa kuwa juu ya kilohezi 10 sauti ilikuwa inaporomoka, alipata vyote viwili kwa pamoja: ukali kwenye midomo ya waimbaji na giza kwenye matoazi. Nilipomwambia hilo la matoazi aliinua kichwa. Alikuwa ameliona, ila alidhani ni masikio ya uzee.

Kinachonikera katika kisa hiki ni kwamba DL-103 ingeonekana imetibu. Indaktansi ya koili za MC ni ndogo mno, bembea yake iko mbali juu ya usikivu wa binadamu, na kebo ndefu haiisumbui kwa njia hii. S zingekuwa laini. Mzee angeondoka akiamini kwamba MC ni tamu na MM ni kali, angewaambia marafiki zake, na nao wangewaambia wengine.

Kebo ileile, upande mwingine

Kuondoa kebo ya kuongezea peke yake kungetuacha na pikofaradi 350: mwinuko wa desibeli 2 na kidogo, bado nje ya kile katriji inachoomba. Ningeweza kuing'oa ile kapasita ya 221 na kuweka ndogo. Lakini mzee sasa alikuwa na boksi, na boksi kwenye upande wake wa MM lina pikofaradi 47 tu.

Basi tukalihamisha boksi kutoka juu ya amplifaya, tukaliweka ukutani kando ya mashine, likachomekwa kwa kebo ya asili ya mashine bila kiungo. 130 na 47 ni 177. Bembea ikapanda hadi kilohezi 16, na mwinuko wake ni chini ya desibeli 1. Kebo ndefu haikwenda popote. Iliendelea kuvuka chumba kwenye njia yake ileile, ila sasa inatoka kwenye boksi kwenda kwa amplifaya. Upande huo ishara imeshakuwa kubwa na inasukumwa na saketi yenye ukinzani mdogo, kwa hiyo pikofaradi 170 hazina la kufanya mpaka kwenye mamilioni ya hezi. Upande wa amplifaya niliichomeka kwenye tundu la kawaida, lile la kaseti. Mzee alitaka kuirudisha kwenye la fono, kwa mazoea. Huko muziki ungepitishwa kwenye RIAA mara mbili, besi juu ya besi, na nyembamba zote zikazimwa.

Tukaweka yule mwanamke mwenye sauti laini. S zikawa s.

Kisha DL-103. Kwa kuwa boksi lina MC yake, tuliijaribu moja kwa moja bila transfoma: omu 100, mara elfu, ambayo kwa bahasha ni volti 0.21. Ukiweka sikio kwenye spika na hakuna santuri, "shiii" ya boksi ilisikika kidogo zaidi kuliko kwa njia ya transfoma. Ukikaa kwenye kiti, haikusikika. Mimi nilipendelea bila transfoma, kwa sababu ni kitu kimoja pungufu cha kuwinda mvumo, na kwa sababu kubadilisha katriji kunakuwa kusogeza swichi tu badala ya kuchomoa nyaya. Mzee aliipenda zaidi kwa transfoma. Alisema sauti inakaa mbele. Inawezekana ni zile omu 470 dhidi ya 100, inawezekana ni kwamba aliitafutia pembe kwa mkono wake mwenyewe. Tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha akairudisha transfoma kwenye katoni yake "kwa sasa".

Nilipopita wiki iliyofuata vichwa vyote viwili vilikuwa juu ya kabati, na ndani ya kifuniko cha mashine alikuwa amebandika karatasi kwa mwandiko wa shule ya zamani. AT: swichi MM, sawazisha mkono upya, gramu 2. DL: swichi MC, sawazisha mkono upya, gramu 2 na nusu. Chini yake, amepigia mstari mara mbili: *volyumu chini kwanza*.